Jina Alilolimeza Siwema

Siwema binti Shomari hakuwa mwanamke mzuri wa sura. Alikuwa mfupi, meno yake ya mbele yamepandana, na mikono yake ilinuka karanga, maana karanga ndizo zilizomlisha. Alizikaanga kwenye mchanga wa moto nyumbani kwake mtaa wa Isevya, hapa Tabora, akazipeleka steshini na kuwauzia abiria wa treni kwa kikombe cha bati. Naanza na hayo kwa sababu wengi waliomsikia akiimba walisahau haraka walichokiona.

Sauti alikuwa nayo. Hilo sikatai.

Babu yake alikuwa kirangozi, yule mpagazi wa mbele katika misafara ya pembe za ndovu, kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka pwani. Kirangozi hakuongoza njia tu. Kila msafara ulipofika kijijini yeye ndiye aliyeimba habari za huko walikotoka: njaa iko wapi, kisima gani kimekauka, mtemi gani anadai hongo kubwa. Watu walitoka majumbani kumsikiliza kama leo wanavyolizunguka gazeti linaposomwa kwa sauti barazani. Siwema alilelewa na mzee huyo. Alipokuwa mtu mzima, ameolewa na kuachwa, akawa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Tufani, na alichoimba Jumapili ndicho kilichozungumzwa sokoni wiki nzima.

Mimi ni Apolinaria, mjane wa Wenceslaus Lugembe, aliyekuwa karani na mkalimani katika boma la Tabora. Nilisomeshwa na masista na nimefundisha wasichana miaka mingi. Ninaandika habari za Siwema kwa sababu habari za mume wangu hazielezeki bila za kwake. Hilo lenyewe linanichoma.

Asiyejua ngoma zetu za zamani lazima aelezwe desturi ya kutunza. Mwimbaji anapoimba, mwenye neno lake hutoka mbele ya watu wote, humwekea senti kwenye kitambaa, kisha humwinamia sikioni. Humwambia neno analotaka liimbwe, na humpa jina lake la nyumbani, lile alilopewa na bibi yake siku ya kuzaliwa. Neno likiwa la furaha, mwimbaji huliimba pamoja na jina. Likiwa la uchungu, huliimba neno, na jina hulimeza. Mwimbaji aliyetapika jina lililomezwa hakuimba tena popote kuanzia Nzega mpaka Kaliua.

Sisi watu wa misheni hatukutunza. Tulisimama pembeni, tukatazama kidogo, tukaenda zetu. Ndiyo maana nilihisi kama nimepigwa kofi, Jumapili moja mwaka uliofuata kwisha kwa vita vikuu vya pili, nilipomwona Wenceslaus wangu akitoka katikati ya watu akiwa na koti lake la kanisani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Siwema na kumwinamia.

Aliinama muda mrefu. Ngoma zilipiga, akaendelea kusema. Niliona midomo yake karibu kabisa na hereni ya yule mwanamke. Siwema mwanzoni alikunja uso, kisha akatupa kichwa nyuma, akacheka kwa sauti kubwa, akaimba:

*Kuna mtu kaja na moyo mkononi,*
*koti kalipiga pasi mkewe nyumbani.*

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Ni kweli, koti lile nilikuwa nimelipiga pasi mimi.

Karibu yangu alisimama mwalimu mwenzangu, Imakulata, rafiki wa kweli ila ulimi wake haukujua kupumzika. Akanishika mkono. "Twende, dada. Usiwape cha kutazama."

"Ninatazama ngoma," nikamjibu. "Wewe nenda."

Nyumbani nilimwekea Wenceslaus chakula, nikabaki nimesimama.

"Ulimwambia nini?"

"Neno la ngoma tu, Mama Damas."

"Mimi nina masikio mawili. Kwa nini maneno yako yanatafuta masikio ya Isevya?"

Akaosha mikono. Akala ugali wake polepole kama mtu aliyepewa adhabu ya kuumaliza. Hakunijibu siku hiyo wala siku zilizofuata, na mimi sikumpigia koti pasi tena.

Ulipita mwezi, ikaja Idi, na Tufani walicheza uwanjani na wenzao wa kikundi cha Mkwaju. Watu walitoka vijijini kote. Wengi walitunza siku hiyo, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu na neno lake, na Wenceslaus hakuonekana hata kivuli. Alasiri Siwema akaanzisha wimbo ambao mpaka leo watu wazima wa Tabora wanaujua:

*Mtemi kaezeka bati jipya,*
*mizinga yetu atairina nani?*
*Kabla mahindi hayajakauka,*
*malori yatapakia nani?*

Mara ya kwanza watu waliitikia tu. Mara ya pili niliona wazee kutoka upande wa Usinge wakiacha kuitikia. Mara ya tatu walikuwa wameshaondoka uwanjani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Serikali ilikusudia kuvihamisha vijiji kadhaa vya pembezoni mwa msitu wa Usinge na kuwakusanya watu mahali pamoja, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, walisema. Mtemi wa huko, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa watoto wake ni watu wema, aliwaambia watu wake barazani kwamba amekataa. Ndani ya ofisi alikuwa amekubali. Alikubali hata malori yaje kabla ya mavuno, watu wasipate muda wa kubishana, na nyumba yake ikapata bati. Waliokuwa chumbani siku ya makubaliano ni mtemi, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mkalimani aliyebeba maneno ya mmoja kumpelekea mwingine.

Malori yalipofika Usinge yalikuta mihogo imeng'olewa, mahindi mabichi yamevunwa na kufichwa, mizinga ya nyuki imeteremshwa mitini, na watu wamekaa mbele ya nyumba ya mtemi wakiimba wimbo wa Siwema. Madereva walirudi na magari matupu. Uhamisho ukaahirishwa, na ulipokuja kufanyika baadaye, watu walichagua wenyewe pa kwenda na walikwenda na chakula chao.

Bwana Shauri hakuwa mjinga. Wimbo ulitoka kinywani mwa Siwema, na mji mzima ulikuwa umemwona mkalimani wake akiwa sikioni mwa Siwema. Ikaitwa kesi ndogo bomani. Adhabu ya kutoa siri za serikali ilikuwa kifungo, na Wenceslaus alisimama mbele ya meza ile ile ambayo kila siku alikaa pembeni yake.

Kwa kuwa mkalimani ndiye mshtakiwa, tafsiri alipewa sajini wa polisi. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje karibu na dirisha, nikingoja kuitwa. Siwema aliingia na kanga mpya, na harufu ya karanga.

"Mwulize," Bwana Shauri akamwambia sajini, "mtu huyu alimwambia nini."

"Alisema ananipenda," Siwema akajibu.

"Mwulize maneno yenyewe."

Siwema akamtazama sajini kutoka kofia mpaka viatu. "Sajini, mwanangu, nikikwambia maneno yenyewe utaweza kumwambia Mzungu bila kuficha uso? Alisema tangu nilipopita steshini na sinia langu kichwani hajalala. Alisema mlango wangu wa uani una bawaba gani, zinalia au hazilii? Na akasema, ngoja nikumbuke vizuri, akasema kwamba kiuno changu..."

"Inatosha!" sajini akasema, jasho linamtoka. Askari waliokuwa mlangoni walikuwa wanajikanyaga kwa kicheko.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Mambo ya mwanamume na mwanamke, Bwana."

"Na wimbo wa malori?"

"Siku ya Idi nilitunzwa na nusu ya Tabora," Siwema akasema. "Nani alisema lipi, muulize aliyehesabu. Mimi nilikuwa naimba. Lakini huyu hapa na koti lake, wa Jumapili ile, alikuja kutongoza. Hata wimbo nilimwimbia palepale, mji mzima umesikia. Angekuwa na siri za boma ningemwimbia mambo ya pasi?"

Kisha wakaniita mimi. Sajini akafungua kinywa kutafsiri, nikamwambia akae. Sikutaka aibu yangu ipite kinywani mwa polisi. Nilizungumza na Bwana Shauri kwa Kiingereza, kile cha masista, kilichonyooka. Akaniuliza kama ninaamini mume wangu ana uhusiano na mwanamke yule.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu, koti likiwa limetoka mkononi mwangu asubuhi ileile. Nikamwambia kwamba tangu siku hiyo mume wangu hana neno kwangu, kwamba nimejifunza hesabu na jiografia na kushona na Maandiko, na ameniacha kwa ajili ya muuza karanga asiyejua kuandika jina lake. Nililia mbele ya watu, mimi niliyewafundisha wasichana wasilie mbele ya watu. Siwema alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, na kama si meza ile ningemrukia.

Bwana Shauri aliinamisha macho. Hakuna Mzungu anayependa kumwona mwanamke akilia ofisini. Akasema kwamba boma si mahali pa mambo ya aina hii. Wenceslaus hakufungwa. Aliondolewa ukalimani kwa tabia isiyofaa, akapelekwa Igalula kupima magunia ya karanga pale steshini. Watu walilicheka sana hilo, kwamba karani amehukumiwa karanga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma. Tulipopita nyumba za mwisho akasema, "Asante, Apolinaria."

Nikageuka. Nilidhani amerukwa na akili.

Hapo ndipo aliponieleza. Mama yake, Kashindye, alikuwa mtu wa Usinge. Wajomba zake wote walikuwa na mizinga katika msitu ule. Alikaa katika chumba kile akaitafsiri safari ya wajomba zake mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi. Kisha akatafuta kinywa cha kuipeleka. Hakuweza kwenda Usinge bila kuonekana. Akakumbuka kutunza. Yeye alimwambia Siwema jambo la malori tu. Ule wimbo wa koti na pasi ulikuwa akili ya Siwema mwenyewe, palepale, kabla hata Wenceslaus hajanyanyua kichwa kutoka sikioni, ili mji upate kitu cha kucheka. Na mwezi mzima Siwema akakaa na neno lile akingoja siku ya Idi, watakapotunza wengi.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Usingeweza kusema uongo mbele ya Bwana Shauri. Wewe huwezi. Ungesimama wima ungesema kweli."

"Kwa hiyo ukaniacha nilie."

"Machozi yako yalikuwa ya kweli," akasema. "Hayo ndiyo yaliyoniokoa."

Alitaka hilo linifurahishe. Mwanamke mwingine labda lingemfurahisha. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: kwamba neno kubwa kuliko yote aliyowahi kuwa nayo maishani alilibeba siku nyingi kifuani, akalala nalo kando yangu, akaamka, akalipeleka kwenye sikio la mwanamke mwingine. Wivu wa kitanda ulinitoka siku hiyo. Huu mwingine haukutoka.

Ukweli hatukuweza kuusema, maana kuusema ni kumpeleka gerezani. Ilitupasa tuishi kama mke aliyedharauliwa na mume mhuni. Igalula wapakiaji wa magunia walimwita karani wa Siwema. Sokoni Tabora wanawake waliniuliza, "Mwalimu, karani wetu hajambo?" wakafunika vinywa kwa kanga. Wenceslaus alivumilia kwa upole, akafa kwa homa ya mapafu huko huko Igalula, na kwenye mazishi nilimsikia mtu akinong'ona jina lile lile.

Siwema naye alilipa, na kwa haki ni lazima nilitaje. Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyetaka kumwoa. Alijiondoa baada ya kesi, akisema hawezi kuoa mlango unaoulizwa bawaba. Siwema hakuolewa tena. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kwanza, nikasikitika baadaye.

Mwaka jana mwanangu Damas alitaka kuchumbia. Familia ni nzuri, Wakatoliki wa upande wa Nzega. Mshenga alirudi na uso mzito. Baba wa binti alikuwa ameuliza, "Huyu si mtoto wa yule karani wa Siwema?" Damas alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya kiti, akakaa akivitazama.

Mtemi yule alikuwa amekwisha kufa. Bwana Shauri alikuwa amerudi kwao zamani. Vijana wa chama walikuwa wameanza kuuimba wimbo wa malori kwenye mikutano yao, wakimsifu Siwema kama shujaa wa wananchi. Siwema! Na mwenye neno amelala Igalula na jina la kutaniwa. Juu ya hayo yakaja matangazo kwamba gari la redio kutoka Dar es Salaam litafika Tabora kunasa nyimbo za zamani, na kwamba Siwema ataimba. Nikavaa, nikaenda Isevya.

Nilimkuta anapepeta karanga. Amezeeka, ila meno yamepandana vilevile.

"Mwalimu! Leo jua limetokea wapi? Karibu. Kigoda hiki hapa, kifute, nguo yako nyeupe."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kukuomba useme ukweli wa mume wangu. Redio inakuja, sema hapo."

Akaendelea kupepeta. "Ukweli gani?"

"Unaujua."

"Kama naujua, basi nimeumeza. Mwalimu, jina lililomezwa mwimbaji halitoi. Mwenyewe ndiye anayelitoa."

"Mwenyewe amekufa."

"Basi aliye wake. Lakini kwa njia yake. Aje uwanjani atunze, mbele ya watu, kama alivyofanya yeye." Akaniangalia, na nikaona kicheko kile cha zamani kikizunguka mdomoni. "Wewe utaweza kuniinamia, Mama Damas? Miye nanuka karanga."

"Miaka yote hii umekaa na jina lake," nikasema, "na umeona mtoto wangu anatukanwa."

Kicheko kikamwisha. "Na mimi niliitwa nini? Ulifikiri jina langu walilitia sukari? Ningesema neno moja fundi angerudi. Sikulisema. Sasa usije kunigombeza nyumbani kwangu."

Niliondoka bila kuaga. Njiani niligundua kwamba kigoda nilikuwa nimekifuta.

Siku ya redio uwanja ulijaa. Gari lilikuwa la kijivu, na kijana mmoja mwenye miwani alitembea na chombo cha kunasia sauti chenye waya akiwaomba watu wasikohoe. Damas alisimama na mimi. Siwema alianza wimbo wa malori, na sauti, namshukuru au namlaani Mungu, ilikuwa ileile. Watu walianza kutoka kutunza. Mimi nilibaki nimesimama. Kisha nikamwona Damas akiangalia chini, akivitazama viatu vyake, nikatoka.

Kila mtu aliyezidi umri fulani alijua mimi ni nani na yule ni nani. Nikasikia mwanamke akisema, "Jamani, wanapigana leo." Nikaweka senti kwenye kitambaa. Nikainama. Nilikuwa nimekwisha kuamua nitasema nini.

"Neno la malori lilitolewa na Wenceslaus Lugembe, karani wa boma," nikamwambia sikioni.

"Na jina la nyumbani?" akanong'ona.

Hilo sikumpa. Mume wangu alikuwa na jina alilopewa Usinge na bibi yake, na hapa Tabora hakuna aliyelijua. Alilitumia mama yake, na baada ya mama yake nililitumia mimi, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Nilikuwa nimeamua kulibakiza hilo moja. Nikanyanyuka nikiwa nimefunga mdomo.

Siwema akanitazama. Halafu akafumba macho, akaimba:

*Aliyenipa malori hakuniomba mlango,*
*karani wa boma, mwana wa Kashindye,*
*wajomba zake wana mizinga Usinge.*
*Jilala, neno lako nimelifikisha.*
*Jilala, shuka lako ni safi.*

Jilala. Alikuwa nalo. Alipewa Jumapili ile ile pamoja na neno, kama desturi inavyotaka, na mimi sikuwahi kulifikiri. Miaka yote nililidhani langu peke yangu, nalo lilikuwa limekaa katika koo la Siwema. Na alivyoliimba! Aliliimba taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu bila kukigonga mahali.

Bibi mmoja kutoka Usinge, mgongo umepinda, akapiga kigelegele. Mwingine akaitikia. Jina likaanza kuimbwa na uwanja mzima, na Damas, ambaye hakuwahi kulisikia, alikuwa amenyanyua uso na kuangaza huku na huku akijaribu kuelewa ni nani anayeimbwa. Mshenga tuliyemtuma Nzega alikuwapo. Nilimwona akivua kofia.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga Siwema, na sikufanya lolote kati ya hayo. Kijana wa redio alikuja na chombo chake, akamsogelea Siwema kwa adabu.

"Mama, kwa wasikilizaji wetu. Huyu Jilala uliyemwimba ni nani?"

Siwema akafungua mdomo. Nikakitwaa kile chombo kutoka mkononi mwa kijana kabla Siwema hajajibu, nikakishika karibu na midomo yangu kama nilivyomwona kijana akifanya.

"Ni mume wangu," nikasema.